Kisima chetu kimepimwa, aseniki ni 0.043, tumeambiwa ni kidogo. Wakuu mnaoelewa njooni hapa

MwanaKisima #1

Wakuu habari za leo. Naombeni mnisomee hii ripoti mana tangu juzi sijatulia.

Nyumbani tuna kisima, mzee alichimbisha miaka 14 iliyopita, mita 38, cha pampu. Maji yake meupe, ya baridi, hayana harufu wala chumvi, kila mgeni akija anayasifia. Sasa mdogo wangu wa kike amekuja kukaa nyumbani anasubiri kujifungua, nikasema ngoja nipeleke maji maabara yapimwe vijidudu tu kwa ajili ya mtoto anayekuja. Wale wakapima na madini kwa pamoja. Karatasi imerudi, vijidudu hamna kabisa, aliyenikabidhi akanambia "maji yenu safi hongereni, hivyo vingine ni vidogo vidogo". Nimefika nyumbani nakaa naisoma mstari kwa mstari nakuta chuma 2.1, afu chini yake aseniki 0.043, pembeni imeandikwa mg/L. Aseniki ninayoijua mimi ni ile sumu ya panya ya zamani. Imeingiaje kwenye kisima ambacho jirani yake hakuna kiwanda, hakuna mgodi, hakuna mtu anayepiga dawa shambani?

Kuna na jambo lingine. Viganja vya mzee vina vipele vigumu vidogo vidogo, ukimshika mkono unavisikia kama punje za mchanga zimekwama chini ya ngozi. Nyayo hivo hivo. Siku zote anasema ni kazi, na mimi nilijua ni kazi. Sasa naangalia hii karatasi, naangalia mikono yake.

Hivi 0.043 ni kidogo kweli?

BarakaTele #2

Pole mkuu, punguza presha kwanza. Hiyo ni sifuri nukta sifuri nne, hata nusu haijafika, na maabara wenyewe wamekwambia ni kidogo. Wewe mchemshie mama mjamzito maji yake yachemke vizuri dakika kumi, kila kitu kinakufa humo. Sisi tumekua hivo wote.

Mizani #3

Hapana Baraka, samahani ndugu yangu, hapa usimpoteze mwenzio.

MwanaKisima angalia hizo herufi za pembeni, ndo zinazodanganya watu wengi. mg/L ni miligramu kwa lita. Kikomo cha aseniki kwenye maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani, kile cha tangu 1993, ni mikrogramu 10 kwa lita. Miligramu moja ina mikrogramu 1000. Kwahiyo 0.043 yako ni mikrogramu 43. Yani mara nne na zaidi ya kikomo. Ukiisoma kama namba ya dukani inaonekana si kitu, lakini kwa aseniki nukta sifuri nne ni nyingi. Kikomo chenyewe kwenye karatasi kama hiyo kinaandikwa 0.01.

Na kuchemsha: aseniki haifi, mana haina uhai. Ni elementi, kama chuma au dhahabu. Moto hauigusi, kinachopaa ni maji yenyewe. Weka lita 10 jikoni zichemke mpaka zibaki 8, aseniki yote ya zile 10 imebaki kwenye hizo 8, sasa una karibu mikrogramu 54 kwa lita badala ya 43. Umepoteza kuni na maji yamekuwa mabaya zaidi. Kuchemsha ni kwa ajili ya vijidudu, na kwa vijidudu endeleeni kuchemsha, ila hapa tatizo ni lingine.

Mdogo wako asiyanywe hayo maji kuanzia leo. Wala msiyapikie.

MwanaKisima #4

Asante sana Mizani. Mikono imenitetemeka kidogo kusoma hapo. Miaka 14.

Pande Zote #5

Nataka kuongezea kitu wakuu, tusimtishe mtu bure. Kuna nchi kikomo chao ni mikrogramu 50, Bangladesh mpaka leo wanatumia 50. Marekani nao walikuwa 50 miaka mingi. Kwahiyo kwa hesabu ya huko kisima hiki kimefaulu. Nauliza kwa nia njema, tufuate ipi?

Mizani #6

Swali zuri na ni la haki. 50 ni kikomo cha zamani. Marekani waliamua 2001 kushusha mpaka 10, na kuanzia Januari 2006 kila mgawa maji wa umma akatakiwa awe ameifikia. Hawakushusha kwa kupenda, ni gharama kubwa kwao, walishusha kwa sababu ushahidi wa kansa ulizidi kuja. Bangladesh wamebaki 50 kwa sababu visima vyenye shida ni vingi mno, wanaanza kuokoa waliozama zaidi.

Na hata hiyo 10 usiichukulie kama ukuta kwamba chini yake ni peponi na juu yake ni motoni. Shirika la Afya wenyewe wanakiita kikomo cha muda, wamekiweka pale kwa kuangalia uwezo wa kupima na wa kuiondoa. Jimbo la New Jersey kule Marekani na nchi ya Denmark wamekwenda mpaka 5. Kwa aseniki kadiri inavyokuwa ndogo ndo kheri, na mama mjamzito ndo wa kwanza kulindwa.

MtamboArdhini #7

Nimechimba visima miaka 19 kwahiyo hili la "imeingiaje" niachieni mimi.

Mkuu hakuna aliyekutilia sumu. Imo ardhini tangu dunia iumbwe. Aseniki ipo kwenye miamba ya kila aina kwa kiasi kidogo, miamba ikisagika ikawa mchanga na tope, aseniki inang'ang'ania kwenye kutu, ile kutu ya chuma inayopaka punje za mchanga rangi ya kahawia. Ikiwa imeshikwa na kutu haina shida, unaweza kuchimba kisima juu yake ukanywa maji miaka yote. Shida inaanza pale mashapo, yani huo mchanga na tope vilivyotuama, yakiwa bado mapya, yamelala tambarare ya mto, na ndani yake kuna majani na mizizi iliyooza. Bakteria wanakula hayo mabaki mpaka wanamaliza oksijeni yote chini kule, wakishaimaliza wanaanza kutumia kutu badala ya hewa. Kutu inayeyuka, inaingia kwenye maji, na aseniki iliyokuwa imeshikwa inaachiwa pamoja nayo. Ndo mana kwenye ripoti yako chuma ni 2.1. Nakuhakikishia ukichota ndoo ikalala usiku, asubuhi unakuta kiwingu cha rangi ya chai kimetua chini. Kweli au uongo?

MwanaKisima #8

Kweli kabisa, tenki lote ndani ni jekundu, tukiosha linatoka tope kama la udongo wa matofali. Tulikuwa tunasema ni bomba linashika kutu.

MtamboArdhini #9

Ndo hiyo sasa. Ila watu wasikariri kwamba maji yasiyo na kutu ni salama, mana kuna njia nyingine ambazo hazina chuma. Sehemu kavu ambazo maji yana magadi mengi aseniki inajibandua yenyewe kwenye mchanga bila kuyeyusha kutu, Argentina kwenye zile nyanda zao wana hiyo, na walianza kuandika kuhusu ugonjwa wake tangu miaka ya 1910, mji wa Bell Ville, mpaka ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji. Kuna miamba yenye dhahabu, dhahabu na aseniki ni kama ndugu, zinakaa pamoja kwenye madini ya salfa, maji yenye hewa yakipita hapo madini yanaoza na aseniki inatoka. Kaskazini mwa Burkina Faso, upande wa Ouahigouya, visima vimepatikana hivo. Na kuna maji ya moto yanayotoka chini kwenye volkano, Bonde la Ufa la Ethiopia wana hiyo pamoja na floraidi.

Jambo ambalo nalisema kila ninapokwenda na watu hawanielewi: kisima cha jirani si kisima chako. Nimechimba viwili hatua arobaini kimoja na kingine, kimoja aseniki iko juu kingine maabara haikuona kitu. Chini kule tabaka zinapinda, hapa ni tope jeusi pale ni mchanga wa kahawia. Mimi nikitoboa nikaona mchanga unatoka wa kijivu na tope jeusi linanuka najua hapa tunapima kabla hatujafunga bomba. Mchanga wa kahawia au wa rangi ya chungwa unanipa moyo, lakini nao napima.

BarakaTele #10

Mizani nashukuru kwa kunirekebisha, na MwanaKisima nisamehe kwa ule ushauri wa kuchemsha. Nilisema nilichokijua. Nimeshampigia mama kwa simu mana na yeye kisima chake hakijawahi kupimwa zaidi ya kuonja.

Kumbukumbu #11

Huu uzi umenigusa kwa sababu nimelifuatilia jambo la Bangladesh kwa miaka, na kila nikilisimulia koo linakaba.

Miaka ya 1970 watoto wa kule walikuwa wanakufa kwa kuhara kwa kunywa maji ya mabwawa na mito. Serikali na UNICEF na wengine wakaja na jibu la maana, mabomba membamba ya kushindilia ardhini na pampu ya mkono juu. Rahisi, maji meupe, hamna vijidudu. Watu wenyewe wakayapenda wakaendelea kujichimbia mpaka yakawa mamilioni. Hakuna aliyepima aseniki, mana wakati ule haikuwa kwenye orodha ya kupimwa kwa maji ya ardhini. Mwaka 1983 ng'ambo ya mpaka, Bengal Magharibi India, daktari wa ngozi K. C. Saha akaanza kupokea watu wa vijijini wana madoa na viganja vigumu, akagundua ni aseniki ya visimani. Bangladesh yenyewe ikathibitishwa 1993. Walipokuja kupima kwa mpangilio 1998 na 1999, visima 3,534 nchi nzima, kwenye vile vifupi asilimia 27 vilizidi 50, na kama ni kwa kikomo cha 10 asilimia 46. Yani karibu nusu. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake wakaandika kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba huku ndiko kulishwa sumu kwa watu wengi kuliko kote katika historia, wakakadiria waliokuwa hatarini ni kati ya milioni 35 na 77 katika watu milioni 125.

Baadae ikafanyika kazi kubwa, timu zikapita kijiji kwa kijiji wakapima karibu visima milioni 5, chenye usalama pampu inapakwa kijani, chenye aseniki inapakwa nyekundu. Milioni 1.4 hivi zikapakwa nyekundu. Watu wengi walihama, wakaenda kuchota kwa jirani mwenye kijani, na hicho ndicho kitu kilichookoa watu wengi kuliko mashine yoyote, kujua tu kipi ni kipi. Lakini rangi inafutika, na visima vipya vikachimbwa bila kupimwa, mpaka 2016 Human Rights Watch wanaandika bado watu kama milioni 20 wanakunywa maji yenye aseniki kupita kile kikomo chao cha 50.

Hii inaniuma kwa sababu waliochimba walikuwa wanaokoa watoto, na kweli waliwaokoa na kuhara. Dunia nzima Shirika la Afya linasema watu kama milioni 140 katika nchi 70 wanakunywa maji yaliyozidi 10. Wengi wao hata karatasi kama ya MwanaKisima hawajawahi kuiona.

Nesi wa Usiku #12

Nimetoka zamu sasa hivi, nimeusoma wote. MwanaKisima mdogo wangu nizungumzie mikono ya mzee.

Vipele vigumu vya viganjani na nyayoni vinaweza kuwa sugu za kazi, magaga, au mambo mengine. Kwahiyo usimpe mzee ugonjwa kabla daktari hajamuona. Ila sugu ya kazi inakaa pale mpini unaposugua, pembeni ya vidole na chini yake. Ya aseniki inaenea kiganja chote, mikono yote miwili, vinundu vidogo vidogo kama ulivyosema mwenyewe, na nyayo nazo. Mfunue shati. Angalia kifua na mgongo, kama ngozi imekuwa na weusi na ndani yake kuna vidoa vyeupe vimetawanyika, kama matone ya mvua yaliyodondokea vumbini. Ukiona hivo na kisima ni hicho, mpeleke na ripoti ya maji mkononi, usiende mikono mitupu mana daktari asipojua habari za maji anaweza kuandika dawa ya fangasi mkarudi nyumbani mkaendelea kunywa.

Kwa kiwango cha visima hamtatapika wala hamtaanguka. Hiyo ni sumu ya dozi kubwa. Hii inakuja polepole, miaka mitano, kumi, ishirini, ngozi ndo mara nyingi inatoa taarifa ya kwanza na kuna watu ngozi haisemi kitu kabisa. Baadae kansa ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Mtu anashangaa maji ya kunywa yanaletaje kansa ya mapafu, lakini ndivyo, imethibitika, wakala wa kansa wa Shirika la Afya wameiweka aseniki kundi la kwanza lisilo na ubishi. Kuna moyo na mishipa ya damu pia, Taiwan upande wa kusini magharibi watu wa visima virefu walikuwa miguu inakufa ganzi, inakuwa myeusi, inakatwa. Kisukari nacho kinahusishwa. Na anayevuta sigara akinywa maji haya mapafu yake yanaumia zaidi ya hesabu ya hivyo viwili ukivijumlisha, kwahiyo kama mzee anavuta hiyo ni vita nyingine ya kupigana leo.

Kitu kinachonifanya nisiseme "tutaangalia mbeleni" ni mji wa Antofagasta, Chile. Wao haikuwa kisima, ilikuwa maji ya mto kutoka milimani, 1958 mpaka 1970 waliyanywa yana aseniki karibu mikrogramu 860. Mwaka 1970 wakajenga mtambo wa kuisafisha, ikashuka. Vifo vya kansa ya mapafu na kibofu vikaendelea kuwa juu zaidi ya miaka 20 baada ya maji kusafishwa. Kuacha kunasaidia, tena sana, lakini mwili unakumbuka. Ndo mana tunaacha leo.

Kwa mjamzito: aseniki inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto. Mdogo wako abadilishiwe maji leo hii. Akishajifungua anyonyeshe, kwenye maziwa ya mama inapita kidogo sana, hatari ni kuchanganya maziwa ya kopo kwa maji ya hicho kisima.

Tiba: hakuna sindano wala kidonge cha kuifuta. Msikubali kuuziwa dawa ya kusafisha damu. Tiba ni kuacha maji hayo, kula vizuri mboga za majani na protini, na daktari kuangalia ngozi kila mara mana vidonda visivyopona pale ndipo kansa ya ngozi inapoanzia. Mkojo ukipimwa unaonesha mlichokunywa siku chache zilizopita, kucha na nywele zinaonesha miezi. Kabla ya kupima mkojo msile samaki wala viumbe vya baharini siku tatu nne, vina aseniki ya aina nyingine isiyodhuru ambayo inachanganya majibu.

Na haiambukizi. Naomba kila mtu alisikie hili.

MamaPacha #13

Dada Nesi umesema haiambukizi nimelia. Mama mkwe wangu alikaa miaka miwili hashikwi mkono msibani. Watu walisema ni ukoma. Alikuwa anakula peke yake, sahani yake peke yake, na maji aliyokuwa anatupa sisi ndo hayo hayo yaliyomfanya vile na wote tulikuwa tunakunywa.

Kisima chetu kilikuwa 0.28. Tulivyojua nikakimbilia kununua filta, muuzaji akaniapia inatoa kila sumu, ni ile ya mkaa, maji yakatoka matamu zaidi ya mwanzo na mimi moyo ukatulia miezi minane. Kuna kijana wa maabara ndo alinambia mama peleka maji yaliyotoka kwenye filta, sio ya kisima, yapimwe. 0.26. Miezi minane nimewanywesha watoto wangu 0.26 nikiwa na amani.

Wenye filta nyumbani, maji ya kupima ni yale yanayotoka.

Kijana wa Vipimo #14

Mama Pacha pole sana, na umesema neno ambalo hata sisi wa maabara tunalisahau.

Mkaa wa filta ni mzuri kwa harufu, rangi na klorini. Aseniki inaupita. Zinazofanya kazi ni zile ambazo ndani yake kuna chembechembe za oksaidi ya chuma au alumina, ambazo aseniki inaganda juu yake, na ile ya RO inayosukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba. Tatizo ni kwamba kwenye maji yasiyo na hewa kama ya MwanaKisima aseniki nyingi inakuwa aina ya tatu, ambayo haina chaji na ni ngumu kukamatwa. Ukiweka klorini kwanza inageuka aina ya tano, hiyo inanaswa kirahisi. Kwahiyo klorini peke yake haiondoi kitu ila kabla ya filta inasaidia kweli, isipokuwa mkiwa na RO hakikisheni klorini imetolewa kabla ya utando mana inauharibu. Na hizo chembechembe zinajaa. Zikijaa filta haikwambii, maji yanatoka meupe vile vile, ladha ile ile, na aseniki inapita yote. Lazima upime kila baada ya muda.

Abul Hussam, mkemia mwenye asili ya Bangladesh, alitengeneza filta ya ndoo za mchanga, vipande vya chuma, mkaa na matofali yaliyopondwa, isiyohitaji umeme, na 2007 ikampa tuzo ya dola milioni moja. Siri yake ni kile chuma, sio mkaa.

Kuchukua sampuli: chukueni chupa ya maabara, pampu ivute maji dakika tano au zaidi mpaka yale yaliyolala kwenye bomba yaishe, usichote kwenye tenki mana tenki lenye kutu limeshashika sehemu ya aseniki na litakudanganya ipo chini. Jaza, funga, andika jina la kisima, kina na tarehe. Vipo na vifaa vya kupimia pale pale kisimani, unachanganya unga na tindikali, inatoka gesi inayogeuza karatasi kutoka nyeupe kwenda njano mpaka kahawia, unalinganisha rangi. Ni vizuri kwa kuchuja visima vingi kwa haraka, ila fanyieni nje upepo unapopita mana ile gesi ni sumu, na vinavyokaribia kikomo vipelekwe maabara.

Pande Zote #15

Nimeelewa wakuu, nakubali. Swali: kuoga na kufua je? Na kuosha vyombo?

Nesi wa Usiku #16

Ogeni, fueni, osheni, pigeni deki. Ngozi inanyonya kidogo mno. Mdomo ndo mlango. Watoto waangaliwe wasimeze wakioga. Kupikia ndo hapana, hasa mchele na vitu vinavyokunywa maji sufuriani mpaka yanakauka, aseniki yote inabaki humo.

MamaPacha #17

Sisi sasa tunakinga mvua. Dakika za mwanzo tunaacha maji yaoshe bati yamwagike, ndo tunaelekeza tenkini, na ya kunywa tunachemsha. Mama mkwe viganja vimelainika kidogo mwaka wa pili huu, madoa ya mgongoni bado yapo. Anashika wajukuu.

MwanaKisima #18

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, niwape mrejesho.

Nilimfunua mzee shati kama dada Nesi alivyoelekeza. Vidoa vipo mgongoni. Mzee hajawahi kuuona mgongo wake, na marehemu mama ndo angeuona. Alikataa kwenda hospitali siku nne nzima, ananambia "haya maji yamekusomesha", mana kisima kile alikichimba mwaka alioacha kazi, na pesa ya kiinua mgongo yote iliishia pale, na majirani sita wanachota bure mpaka leo kwa sababu yake. Kumwambia mzee kisima chako kina sumu ni kama unamwambia amewalisha watu sumu. Sikujua niseme nini, nikamsomea posti ya Kumbukumbu yote mpaka mwisho, pale aliposema waliochimba walikuwa wanaokoa watoto. Akanyamaza. Kesho yake asubuhi nikamkuta amevaa viatu.

Daktari ameangalia, amechukua kipande cha ngozi, amesema kwa sasa si kansa lakini arudi kila miezi sita, na ameipiga picha ripoti ya maji akaiweka kwenye faili. Sigara mzee ameshaambiwa mbele yangu.

Tumepima tena kisima chetu, 0.041. Mzee mwenyewe akasema hatuwezi kupima chetu tu, tukapima na vya majirani vitano kwa kuchangishana. Kimoja 0.003, hatua sitini tu kutoka kwetu, ndo tunakochota sasa. Viwili 0.019 na 0.022. Kimoja 0.008. Cha mwisho 0.087.

MtamboArdhini #19

Safi sana mkuu, mzee wako ni mtu. Hicho cha 0.003 kina mita ngapi, na mchimbaji alisema alipita nini? Na usiache kukipima tena kiangazi kikiisha, mkianza wote kuvuta pale mnaweza kuyaita maji ya upande wenu.

MwanaKisima #20

Mita 71, mwenyewe anakumbuka mchanga ulitoka wa rangi ya chungwa mwishoni. Tutakipima tena.

Hicho cha 0.087 ni cha nyumba ya kona, kuna mtoto wa miezi mitano anakunywa maziwa ya kopo. Mama yake hakuwepo tulipopeleka majibu, ameyapokea kijana wa kazi. Mzee ameshajaza madumu mawili kwenye kile cha mita 71 ananisubiri mlangoni, tunakwenda sasa hivi kumwelezea mwenyewe uso kwa uso.